Farasi anayesikiliza: habari ya mama mmoja wa Denmark, na miguu ya watoto wetu



Tangu michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, kuna video inayozunguka katika simu za vijana wetu. Inaonyesha farasi mkubwa akicheza kama mtu. Anainua miguu juu, anakimbia pale pale bila kusogea, anageuka polepole kama mama anayegeuza kikwembe mbele ya kioo. Mgongoni mwake amekaa mwanamke aliyenyoosha mgongo. Hapigi kelele, hana fimbo, mikono yake karibu haitikisiki. Mmetuuliza kama ni uchawi, kama mnyama amenyweshwa dawa, na kwa nini huku kwetu hatuna farasi hata mmoja. Tumeona maswali haya yanastahili ukurasa mzima, kwa sababu nyuma ya farasi huyo kuna jambo linalogusa nyumba zetu.

Mchezo huo unaitwa dresaji. Neno ni la Kifaransa, na aliyepita darasani analijua: ni kumfundisha mnyama. Mwanamke wa video ni Jessica von Bredow-Werndl wa Ujerumani, na farasi ni jike anayeitwa Dalera. Walipata medali ya dhahabu Tokyo, wakaipata tena huko Versailles, karibu na Paris. Kati ya dhahabu ile na hii mama huyo alizaa mtoto wake wa pili, mwaka 2022. Tumelitaja hili kwa ajili ya wale wanaosema kwamba mama akishazaa kazi yake ya nje imekwisha.

Uwanja wa dresaji una urefu wa meta 60 na upana wa meta 20. Pembeni kuna herufi, na mpandaji lazima afanye jambo fulani penye herufi fulani: hapa farasi atembee, pale akimbie polepole, pale aende ile mbio ya kuruka ambayo watu wa pwani huiita shoti. Kwa kila tendo waamuzi wanatoa alama, kuanzia 0 hadi 10. Mpandaji akisema neno kwa sauti, hata la kumpongeza mnyama wake, anakatwa alama. Kila kitu lazima kisemwe kwa mwili.

Lakini mashindano ni dakika chache tu. Tulipenda kujua siku za kawaida zinapitaje, na hapo ndipo tulipokuta mambo yanayofanana na yetu.

Kazi inaanza asubuhi kwa kutoa mavi bandani, sawa na kwenye zizi la mbuzi. Kisha maji: farasi mmoja anaweza kunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na mama anayeteka mtoni ajue hizo ni ndoo ngapi kichwani. Kisha majani makavu, kilo 10 hivi kwa siku kwa mnyama wa kilo 500. Kisha anapigwa brashi mwili mzima, na kwato zinasafishwa moja moja kwa chuma kidogo kilichopinda, kwa sababu jiwe dogo tu likikaa ndani linaweza kumlemaza. Mlezi anapitisha mkono kwenye miguu yote minne akitafuta mahali penye joto, kama tunavyoweka kiganja kwenye paji la mtoto kabla ya kumpeleka kituo cha afya. Hayo yote ni kabla tandiko halijawekwa mgongoni.

Mafunzo yenyewe kwa siku hayapiti sana dakika 45. Kumi za kwanza ni kutembea tu, hatamu zikiwa legevu, ili mwili upate joto. Baada ya hapo mpandaji anaomba jambo moja dogo. Anabana kidogo kwa mguu wa kushoto, na farasi anatakiwa asogee kulia. Akisogea, hata hatua moja, mguu unaacha kubana wakati ule ule. Siri ni hapo. Farasi hajifunzi kwa kubanwa, anajifunza kwa kuachiliwa. Mpandaji akichelewa kulegeza, farasi hajui tena ni tendo gani lililompa raha, na kazi ya siku imeharibika. Wengi wetu tunalea kinyume chake: mtoto akifanya vibaya tunapiga kelele, akifanya vizuri tunanyamaza.

Mnyama anaanza kubeba mtu akiwa na miaka 3 au 4. Kwa kanuni za mchezo haruhusiwi kuingia daraja la juu kabla ya miaka 8, na wengi wanafika wakiwa na 10 au zaidi. Hesabuni: ni muda wa mtoto kuanza masomo ya msingi na kuyamaliza. Kuna siku anafanya kila kitu vizuri, na siku inayofuata amesahau yote kwa sababu upepo umepeperusha kitambaa kwenye ua. Wafundishaji wazuri siku kama hiyo hawang'ang'anii. Wanarudi kwenye jambo analolijua, analifanya, wanampapasa shingo, wanamrudisha bandani.

Anajuaje anachoombwa bila neno? Ngozi ya farasi inamsikia nzi mmoja anapotua, basi hawezi kukosa kusikia uzito wa mtu. Mpandaji akivuta pumzi na kukaza kiuno, farasi anapunguza mwendo. Akitazama kulia, mabega yake yanageuka kidogo, na mnyama anageuka naye. Akiogopa, farasi anaogopa. Mama aliyebeba mtoto mgongoni kwa kikwembe hahitaji kufundishwa hili. Mtoto akiwa usingizini na mama akapata habari mbaya, mtoto anaamka, ingawa mama hajalia bado. Tofauti ni kwamba huko aliye chini ndiye anayesikiliza aliye juu.

Tusiwadanganye kwamba wote wanafundisha kwa upole. Mwezi wa 7 mwaka 2024, siku chache kabla ya michezo ya Paris kuanza, Charlotte Dujardin wa Uingereza, mwenye medali nyingi kuliko karibu wanawake wote wa nchi yake, alijiondoa. Ilikuwa imetoka video ya miaka michache nyuma, inayomwonyesha akimpiga farasi miguuni kwa mjeledi mrefu, zaidi ya mara 20, wakati wa mafunzo. Yeye mwenyewe alikiri na kuomba radhi. Shirika la dunia la michezo ya farasi likamfungia mwaka mmoja na kumtoza faini ya franki 10 000 za Uswisi. Wapo waliosema adhabu ni kubwa mno kwa kosa la kumpiga mnyama. Sisi tunaona iko sawa. Mtu aliyefika pale juu anatazamwa na mabinti wote walio chini, na wanachukua mkono wake kama walivyouona. Tena jambo hili si jipya: Mgiriki mmoja, Xenophon, aliyekuwa askari, aliandika kitabu cha farasi zaidi ya miaka 2 300 iliyopita, na tayari alisema kwamba uzuri haupatikani kwa mjeledi, wala kwa farasi wala kwa mcheza ngoma.

Sasa lile swali lenu la pili. Farasi hawako Kasongo kwa sababu ya mbung'o, yule nzi tunayemwita tsetse. Anachukua vijidudu vya ugonjwa unaofanana na ule wa malale wa watu, na farasi hana nguvu ya kuushinda. Anakonda, damu inakwisha, anakufa. Mwaka 1866 Livingstone, yule yule aliyekuja kuugua vidonda vya miguu hapa kwetu Kabambare mwaka 1870, alianza safari yake kutoka pwani akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, akitaka kuona kama watastahimili. Walikufa njiani. Ndiyo maana misafara yote ya pembe, ya Tippu Tip na ya wengine, ilifika Kasongo juu ya vichwa na mabega ya watu, wanaume na wanawake, mzigo wa kilo 30 au karibu, siku baada ya siku. Mpaka leo, mpunga na mafuta ya ngazi vinatoka mashambani juu ya kinga, na kijana anaisukuma badala ya kuipanda. Penye baridi ya milima kama Nairobi, ambako mbung'o hakai, farasi wanaishi vizuri na dresaji inachezwa. Hata hapa Kongo, Kinshasa na Lubumbashi ziko klabu za wapanda farasi. Na Muscat, ambako familia nyingi bado zinasema Kiswahili nyumbani, kikosi cha farasi cha Sultani kina wanawake wapandaji.

Na msidhani Wakongo hawajui kufundisha mnyama mkubwa. Kule Uele, upande wa Garamba, tangu mwanzo wa karne ya 20 Wazande walifundisha tembo wa Afrika kubeba watu na kuvuta mikokoteni, kazi ambayo wazungu wengi walisema haiwezekani. Kituo cha Gangala na Bodio kilijulikana duniani kote. Habari hiyo tutairudia siku nyingine, ina utamu wake.

Tuje kwa mama wa Denmark.

Anaitwa Lis Hartel, alizaliwa mwaka 1921. Tangu utoto alipenda farasi, na akiwa kijana tayari alikuwa bingwa wa dresaji katika nchi yake. Mwezi wa 9 mwaka 1944, akiwa na miaka 23, na mimba ya mtoto wa pili tumboni, aliamka na maumivu ya shingo na kichwa. Baada ya siku chache miguu haikutii, mikono nayo ikalegea. Ilikuwa polio. Dawa haikuwepo, na mpaka leo haipo. Chanjo pia haikuwepo wakati ule. Ya kwanza ilitangazwa mwaka 1955.

Wataalamu walimwambia ashukuru akiweza kutembea na magongo. Mtoto alizaliwa mzima. Yeye alianza upya kama mtoto huyo: kujaribu kuinua mkono, kutambaa sakafuni, kusimama. Nguvu za mapaja zilirudi kiasi, lakini kuanzia magotini kwenda chini miguu haikurudi kamwe. Miezi ikapita akaomba apandishwe juu ya farasi. Tunaweza kuwaza maneno yaliyosemwa na majirani: mama wa watoto wawili, kilema, anataka nini huko juu?

Jike lake aliitwa Jubilee. Hakuwa farasi wa ajabu, alikuwa mnyama wa kawaida mwenye tabia nzuri. Mpandaji mwingine anasema na farasi kwa kubana visigino. Lis hakuwa na visigino vya kubana. Ikabidi Jubilee ajifunze lugha nyingine, ya kiuno na ya uzito wa mwili peke yake, na Lis ajifunze kuisema bila kuyumba, maana akiyumba hana mguu wa kujishikilia. Mara nyingi alianguka. Ilichukua miaka. Mwaka 1947 alikuwa wa pili katika mashindano ya nchi za Skandinavia.

Hapo kulikuwa na kizuizi kingine, na hiki si cha ugonjwa. Kwenye Olimpiki dresaji ilikuwa ya maofisa wa jeshi tu. Si wanawake tu waliokatazwa, hata askari wa vyeo vya chini. Mwaka 1948 timu ya Sweden ilipata dhahabu, na baadaye ikanyang'anywa, kwa sababu mmoja wao, Gehnäll Persson, alikuwa sajini aliyevalishwa cheo cha ofisa kwa siku za mchezo. Aibu ile ilisaidia kubadili kanuni. Mwaka 1952, huko Helsinki, raia na wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza. Wanawake 4 walipanda, wakichanganyika na wanaume, alama sawa, waamuzi walewale. Lis alikuwa mmoja wao.

Waliinua mwili wake kumweka mgongoni mwa Jubilee. Akaingia uwanjani, na watazamaji wengi hawakujua kwamba yule mwanamke aliyekaa wima hivyo hawezi kutembea peke yake. Alipata medali ya fedha. Mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, ofisa, alimsaidia kupanda jukwaani kupokea medali. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kupata medali ya Olimpiki katika michezo ya farasi. Miaka 4 baadaye, Stockholm, alipata fedha tena, na Jubilee yule yule.

Kuna jambo linalotuumiza tukilisoma. Lis alishangiliwa Helsinki mwezi wa 7. Mwezi wa 8 mwaka ule ule polio iliingia Copenhagen, mji mkuu wa nchi yake, kwa ukali ambao haujawahi kuonekana huko. Katika hospitali ya Blegdam wagonjwa walikuwa wengi, wengi wao watoto, na ugonjwa ulikuwa umefika kwenye misuli ya kupumua. Mashine hazikutosha. Ikabidi wanafunzi wa udaktari, kama 1 500 kwa jumla, wakae kwa zamu kando ya vitanda usiku na mchana, wakiminya mfuko wa hewa kwa mkono ili mtoto apumue. Saa baada ya saa, miezi. Hii ilikuwa Ulaya, mahali penye umeme na barabara. Leo mama wa Denmark hajui hata sura ya ugonjwa huo. Kilichobadilika ni chanjo.

Baada ya Lis, watu walianza kuwapandisha farasi watoto wenye miguu mizito, kwa sababu mwendo wa farasi unatikisa kiuno cha aliyekaa juu karibu sawa na mwendo wa kutembea, na misuli inafanya kazi. Nairobi pia kazi hiyo ipo. Tangu mwaka 1996 dresaji iko katika Paralimpiki, michezo ya watu wenye ulemavu. Lis alifariki mwaka 2009.

Sisi hatutaletewa farasi. Lakini watoto kama yeye tunao. Tunawajua nyumba kwa nyumba, yule anayefungiwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja, yule wa miaka 11 ambaye hajakanyaga darasa kwa sababu shule iko ng'ambo ya kijito na hakuna wa kumbeba. Katika mkutano mmoja wa kundi letu mama mmoja alisema anaona haya, si kwa ajili ya mtoto, bali kwa ajili ya maneno ya watu wanaouliza alikula nini akiwa na mimba. Tulimjibu pale pale na tunarudia hapa: polio haitoki kwenye chakula cha mimba, wala kwa jicho la jirani. Ni kijidudu kinachotoka kwenye mavi ya mtu, kinaingia mdomoni kwa maji au mikono. Vijana wa Kinshasa wa Staff Benda Bilili walilala nje kwa miaka mingi, miguu imeharibiwa na polio, wakienda kwa baiskeli za miguu mitatu za kusukuma kwa mkono. Mwaka 2009 walitoa albamu, wakapiga muziki Ulaya mbele ya maelfu. Walianza na gitaa na baiskeli hizo. Fundi wa kuchomea vyuma anaweza kutengeneza baiskeli kama hiyo, na magongo seremala yeyote wa hapa anayaweza. Makundi mawili ya akiba yameshatuambia yako tayari kuzungumza juu ya michango. Wengine waje.

Na wale ambao bado miguu yao ni mizima? Polio ya asili ilionekana Kongo mara ya mwisho mwaka 2011, na tarehe 25 mwezi wa 8 mwaka 2020 Afrika nzima ilitangazwa kuwa huru nayo. Wengi walifikiri imekwisha. Lakini mwaka 2017 kulitangazwa mlipuko wa aina nyingine, ile inayozuka mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, na moja ya zoni za afya zilizotajwa ilikuwa Kunda, hapa hapa Maniema. Si habari ya mbali.

Chanjo ya matone mtoto anapewa anapozaliwa, kisha akifikisha juma la 6, la 10 na la 14. Kwenye juma la 14 anachomwa pia sindano ya polio. Mama aliyekuwa shambani au aliyekimbia vita akapoteza tarehe, asiogope kugombezwa: aje na kadi, na kama kadi imepotea aje bila kadi. Wakipita nyumbani siku za kampeni, mtoto apewe tena hata kama alipata zamani. Matone yakizidi hayamdhuru.

Na ikitokea mtoto wa chini ya miaka 15 ameamka na mguu au mkono umelegea ghafula, bila kuanguka wala kuumia, msisubiri soko lipite. Apelekwe kwa munganga siku hiyo hiyo. Watachukua mavi yake mara mbili, kukiwa na siku moja au mbili katikati, na lazima iwe kabla siku 14 hazijapita tangu mguu ulipolegea. Mavi hayo yanawekwa kwenye baridi, yanasafirishwa mpaka maabara ya taifa Kinshasa, na hampaswi kulipa chochote.